Majina ya akina mama wa Ukambani yako wapi?

Kila mwaka wanafunzi wa sekondari wanaporejea kutoka nyanjani na daftari zao za fasihi simulizi, mimi husoma kazi nyingi zitokazo Kitui na Makueni. Nyingi ni kazi za kusifika. Hadithi za Eimu, lile zimwi la Kikamba linalomeza watu na mifugo, huandikwa kwa hati safi. Vitendawili hupangwa kwa mafungu. Nyimbo za kazi hutafsiriwa kwa bidii hata msomaji asiyejua Kikamba akapata ladha yake. Lakini kuna nafasi moja ambayo aghalabu huachwa tupu, au hujazwa kwa namna ya kuitoroka. Nafasi hiyo ni ya jina la msimulizi. Mmoja huandika "ajuza wa kijiji chetu", mwingine "mama mmoja mkulima", wa tatu "nyanya yangu" na basi. Mwanafunzi huyo huyo ukimwuliza nani aliyetunga tamthilia anayoisoma darasani, atakutajia jina la mwandishi, mwaka wa kuchapishwa na pengine hata shule aliyosoma mwandishi mwenyewe.

Walimu wenzangu huniambia kwamba hili ni jambo dogo, kwa kuwa mtahini hatoi alama kwa jina la bibi kizee. Mimi naliona kuwa jambo kubwa mno. Tunapomfundisha kijana kwamba mwenye kitabu ana jina na mwenye hadithi hana, tunamfundisha pia ni nani anayefikiri na ni nani anayerudia tu. Na kwa kuwa wasimulizi walio wengi ni wanawake, msichana wa Mutomo au wa Kathonzweni anaondoka darasani akiamini kwamba akili ya kike ilianza siku ile shule ilipojengwa.

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu wanafunzi wa historia hupenda kunitupia mfano wa Ulaya. Huniambia kwamba katika karne ya 18 wanawake wa Ulaya walikwisha kuwa na maisha ya elimu na utamaduni, na majina yao yanajulikana. Ni kweli. Kule Paris, Madame Geoffrin aliwakaribisha wasanii nyumbani kwake kila Jumatatu na waandishi kila Jumatano, na katika baraza lake fikira za zama zile zilipimwa kabla hazijafika kwa mpiga chapa. Mabaraza hayo yaliitwa saluni. (Neno hilo kwetu leo lina maana ya mahali pa kusukia nywele, na anayedhani kwamba huko hakuna mjadala mzito hajapata kuketi humo.) Kule London, Elizabeth Montagu na wenzake walikutana kuzungumzia vitabu badala ya kucheza karata, wakapewa lakabu ya Soksi za Buluu, na mwaka wa 1769 Montagu akachapisha insha ya kumtetea Shakespeare dhidi ya Voltaire. Huko Bologna, Italia, Laura Bassi alipata shahada ya udaktari na nafasi ya kufundisha chuoni mwaka wa 1732. Huko Ujerumani, Dorothea Erxleben alihitimu utabibu katika Chuo cha Halle mwaka wa 1754. Na Émilie du Châtelet aliitafsiri kazi kuu ya Newton kwa Kifaransa, akaifafanua na kuiongezea maelezo yake mwenyewe, akafa mwaka wa 1749 siku chache tu baada ya kujifungua. Tafsiri yake kamili ilitoka mwaka wa 1759, naye yu kaburini kwa miaka 10.

Majina yapo, hilo sibishi. Lakini tazama yamehifadhiwa kwa taabu gani. Insha ya Montagu ilitoka kwanza bila jina la mtungaji. Chama kikuu cha wanafasihi cha Ufaransa, yaani Académie française, ambacho watu wake walikuwa wageni wa kawaida katika mabaraza ya akina mama hao, hakikumpokea mwanamke awe mwanachama hadi Marguerite Yourcenar mwaka wa 1980. Phillis Wheatley, binti Mwafrika aliyetekwa na kuuzwa utumwani Boston, alipotaka kuchapisha mashairi yake mwaka wa 1773, ilibidi wanaume 18 wenye vyeo watie sahihi kuthibitisha kwamba yeye ndiye aliyeyatunga. Wala tusisahau kwamba sukari iliyotiwa katika kahawa ya mabaraza yale ya Paris ilitoka katika mashamba ya Karibi yaliyolimwa na watumwa wa Kiafrika.

La maana zaidi kwa hoja yangu ni hili: kazi kubwa ya wanawake wa saluni haikuwa kuandika. Ilikuwa kuzungumza. Mwenye baraza alichagua nani aketi karibu na nani, alianzisha mada, alimkata mwenye maneno mengi, alimwinua mwenye haya. Mazungumzo yale yalipotea hewani usiku ule ule. Tunayajua kwa kuwa waliohudhuria walirudi makwao wakaandika barua, na barua zikatunzwa. Basi tofauti baina ya baraza la Paris na jiko la Mbooni si kwamba huku watu walifikiri na kule hawakufikiri. Ni kwamba huku hapakuwa na mwenye kuandika barua.

Mwenye shaka na atazame pwani yetu wenyewe. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake kwa ajili ya bintiye, Mwana Hashima, mnamo mwaka wa 1858. Hati za Kiarabu zilikwisha kuwapo Lamu, Pate na Siyu kwa karne nyingi, na wanawake wa tabaka lake walijifunza kusoma na kuandika majumbani. Kwa hiyo leo kila mwanafunzi wa Kiswahili analijua jina lake. Je, katika mwaka ule ule hapakuwa na mama katika vilima vya Kilungu aliyemketisha bintiye akampa wosia wa maisha kwa lugha iliyopangika? Bila shaka alikuwapo. Ila wosia wake ulikaa katika kichwa cha binti, kisha katika kichwa cha mjukuu, na kila ulipohamia kichwa kipya jina la mwenyewe lilififia.

Hebu sasa tuingie Ukambani penyewe. Wanahistoria walio wengi wanakubaliana kwamba Wakamba walijikita katika milima ya Mbooni, ambayo leo imo Makueni, na kwamba kutoka huko, katika karne ya 18, baadhi yao walivuka mto Athi na kuingia nchi kavu ya Kitui. Yaani wakati Madame Geoffrin akipokea wageni wake, watu hawa walikuwa wakihamia nchi ambayo mvua yake ni ya kubahatisha. Vitabu vyetu vya shule hukisimulia kipindi hicho kwa habari za wawindaji wa ndovu na, baadaye, misafara ya pembe kwenda Mombasa. Tunamkumbuka Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyempokea mmisionari Krapf mwaka wa 1849. Lakini msafara ukiondoka kwa miezi kadhaa, nani alibaki akiamua mbegu ipi ya mtama ipandwe katika udongo mwekundu na ipi katika udongo wa mchanga? Nani aliyejua kwamba kunde hizi huvumilia jua na zile hazivumilii, akatenga mbegu za mwaka wa njaa asiziguse hata watoto walipolia? Huo ni ujuzi, na ujuzi hauji bila kuchunguza, kulinganisha na kukumbuka. Katika chuo kikuu tungeuita utafiti.

Tumezoea pia kusema kwamba shule ya Wakamba ilikuwa thome, ule uwanja wa moto nje ya boma ambapo wazee wa kiume waliketi na vijana wao wakiwafunza sheria, nasaba na mambo ya vita. Thome imesifiwa sana, na inastahili sifa. Lakini ukihesabu saa ambazo mtoto aliketi thome na zile alizoketi jikoni kwa mama au nyanya yake, utaona kwamba jiko ndilo lililomlea kwanza. Hapo ndipo ndai, yaani vitendawili, zilipotegwa, na hapo ndipo ngewa zilipotambwa baada ya kazi za mchana. Hata mvulana aliyekwenda thome alikwenda na lugha, mifano na dhana za haki alizozipata jikoni. Kwamba thome limeingia katika vitabu vya somo la jamii na jiko halikuingia, hilo ni uamuzi wa waandishi. Ukweli wa mambo haukuwa hivyo.

Yupo mwanamke mmoja wa Ukambani ambaye jina lake halikufutika. Ni Syokimau, nabii wa kike ambaye mapokeo yanasema aliishi kabla ya ujio wa Wazungu, akatabiri nyoka mrefu atakayetoka baharini na watu wageni watakaobeba moto. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, ikipita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali, ndani kabisa ya Makueni ya leo. Mimi si mtu wa kubishana juu ya utabiri. Linalonivutia ni namna ya kufikiri: kuchukua kitu ambacho hakuna aliyekiona na kukieleza kwa vitu ambavyo kila mtu anavijua. Mwaka wa 2012 serikali ilifungua stesheni mpya ya treni karibu na Nairobi, ikaiita Syokimau. Leo ukiwataja watoto wengi wa mjini jina hilo, watakwambia ni mtaa wenye nyumba za kupanga. Jina limebaki, mwenye jina ametoweka.

Mwingine ni Siotune wa Kathuke, naye nawasihi walimu wa historia wampe zaidi ya ule mstari mmoja anaopewa. Mwaka wa 1911, katika wilaya ya Machakos, ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi mwaka wa 1992, mwanamke huyu mjane aliongoza harakati za kupinga utawala wa Waingereza kwa njia ya ngoma. Watu walicheza, na katika kucheza walikataa kutii. Kijana mmoja, Kiamba wa Mutuavio, akaungana nazo na kuzipa sura ya kijeshi. Serikali ilizizima na kuwapeleka viongozi wake uhamishoni. Mwanafunzi akiulizwa sababu za harakati hizo hutaja kodi na kazi za shuruti, na hupata alama zake. Lakini mbona hatuulizi kwa nini ngoma? Aliyechagua ngoma alijua kwamba Mzungu angeitazama akaiona mchezo wa washenzi, na kwamba Mkamba angeitazama akaona mkutano. Huo ni usomaji wa watu wawili kwa wakati mmoja, na si kila mwanasiasa wa leo anauweza.

Ngoma hizo hazikuzuka pasipo mizizi. Kilumi, ngoma ya kuwasiliana na aimu, yaani roho za wahenga, ilikuwa na bado kwa sehemu kubwa ni mali ya wanawake, hasa wa makamo na wazee. Ilipigwa kuomba mvua na kuponya maradhi ambayo leo pengine tungeyaita ya moyo na akili. Wamisionari waliiita ushetani. Wengi wetu tulioketi mbele ya ubao katika shule za misheni tuliupokea uamuzi huo bila kuuchunguza. Siandiki haya kumwambia mtu arudie dini ya mababu. Mimi mwenyewe huenda kanisani. Nasema tu kwamba kundi la wanawake wenye utaratibu wa kuingiza wanachama, wenye hazina ya nyimbo, wenye lugha ya kueleza huzuni na wenye kuogopwa na watawala, lingekuwa Paris tungelifanyia semina.

Mwaka wa 1938 serikali ilipotaka kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, maelfu waliandamana kwa miguu hadi Nairobi, wake kwa waume na watoto, wakapiga kambi kwa majuma. Muindi Mbingu alipewa barabara katikati ya jiji, na ni haki yake. Wanawake waliobeba watoto na unga katika safari ile hatujui hata mmoja wao aliitwaje.

Sasa nije kwenye mwethya, ambayo naiona kuwa saluni halisi ya Kitui na Makueni. Mwethya ni ushirika wa kazi: leo tunalima kwako, kesho kwangu. Wakati wa ukoloni serikali iliigeuza kuwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na watu wakaichukia. Baada ya uhuru, akina mama waliirejesha mikononi mwao, wakachagua viongozi wao na kupanga zamu zao. Matokeo yake yamepimwa. Mwaka wa 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha utafiti juu ya Machakos ya zamani, pamoja na Makueni, wakaonyesha kwamba idadi ya watu iliongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takriban 1,400,000 mwaka wa 1990, na hata hivyo ardhi ilikuwa imeponywa badala ya kuharibika zaidi. Wataalamu wa miaka ya 1930 walikuwa wamekwisha kuitabiria nchi hiyo kifo. Matuta ya fanya juu yaliyoipa uhai yalichimbwa kwa sehemu kubwa na vikundi vya mwethya. Huko Kitui vikundi kama hivyo vimejenga mamia ya mabwawa ya mchanga katika mito ya msimu, ili maji yakae ndani ya mchanga baada ya mvua kwisha.

Lakini aliyekwenda mwethya kwa ajili ya jembe tu hakuiona mwethya. Humo huimbwa nyimbo, na miongoni mwake zimo myali, nyimbo za kusuta. Asiyefika kazini huimbwa. Mume anayelewa karo ya watoto huimbwa. Chifu anayekula msaada wa njaa huimbwa pia, jina lake likizungushwa kwa mafumbo hata asiweze kushtaki. Hapo kuna mtungaji, kuna wahakiki wanaoitikia au kukataa kuitikia, na kuna hadhira inayojua habari zote za kijiji. Mtungo mbovu hufa siku ile ile. Sijui gazeti lolote lenye mhariri mkali kiasi hicho, hili ninaloliandikia likiwamo.

Na mikono ya akina mama hao haikai bure hata wanapotembea. Mama wa Kikamba akienda sokoni huenda akisuka kyondo. Zamani nyuzi zilitoka katika maganda ya mbuyu na miti mingine ya porini, kisha katani ikaenea. Mwanafunzi wa hisabati na akitazame kyondo kwa makini: kitako huanza na nyuzi chache, zikaongezwa kwa hesabu ili duara lipanuke bila kukunjamana, kisha mistari ya rangi huhesabiwa ili ncha zikutane upande wa pili. Msusi hana karatasi. Hesabu yote imo kichwani, na wakati huo huo anazungumza nawe habari za mkwe wake.

Nisije nikapaka rangi nzuri kupita kiasi. Hadithi nyingi za jikoni zinamfundisha msichana kunyamaza, na Eimu aghalabu humla yule binti aliyejichagulia mume. Myali zimepata kumvunja moyo mjane asiye na kosa. Vilevile, waliojua sana walipata kuitwa wachawi. Wanafunzi wanapaswa kuyasema haya pia. Mwana Kupona mwenyewe anausia utii ambao wasichana wangu wa kidato cha tatu huupinga kwa sauti kubwa, na mimi hufurahi wanapoupinga, kwa sababu wanabishana na mtu mwenye jina. Ajuza asiye na jina hawezi kubishiwa. Huhifadhiwa tu.

Lazima niwatendee haki waliotutangulia. Msomi Mswidi Gerhard Lindblom alikusanya hadithi za Wakamba na kuzichapisha baina ya mwaka wa 1928 na 1935. Mwana wa Kitui, marehemu John Mbiti, aliyezaliwa Mulango mwaka wa 1931, alitoa mkusanyo wake kwa Kiingereza mwaka wa 1966. Na mwaka wa 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong walidai katika chuo cha Nairobi kwamba fasihi ya Afrika, simulizi ikiwamo, iwe kitovu cha masomo. Bila wao tusingekuwa na somo lenyewe. Wote hao, mtagundua, ni wanaume.

Mtu ataniambia kwamba mambo yamebadilika. Nyiva Mwendwa wa Kitui Magharibi aliingia bungeni mwaka wa 1974, na mwaka wa 1995 akawa mwanamke wa kwanza Kenya kuwa waziri kamili. Charity Ngilu wa Kitui ya Kati aligombea urais mwaka wa 1997, na mwaka wa 2017 akachaguliwa gavana. Nakubali, na najivunia. Ila nawauliza walimu: umahiri wa kusema hadharani, wa kumchoma mpinzani kwa fumbo na kuufanya umati uitikie, waliupata wapi? Mabwana wa sayansi ya siasa hawataupata katika katiba ya chama.

Ninachopendekeza hakihitaji fedha ya wizara. Mwanafunzi anapokwenda nyanjani, aombe ruhusa ya kuandika jina kamili la msimulizi, kijiji chake na tarehe. Aandike kwanza kwa Kikamba kama alivyosikia, kisha ndipo atafsiri. Ni aibu kwamba vijana waliovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama ndio tunaowatuma leo wakatuletee hazina ya lugha hiyo. Hadithi ikiisha, asifunge daftari. Amwulize msimulizi anaionaje, nani alimpa, amebadilisha wapi na kwa nini. Hapo ndipo atakapogundua kwamba bibi huyo ni mhakiki, si kanda ya kunasia sauti. Nakala moja irudishwe kwake, asomewe, arekebishe. Waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 wamekwisha kupita miaka 80, na hapa sina haja ya kuongeza neno.

Tena ajue kwamba si kila mlango utafunguliwa. Ziko nyimbo za kilumi ambazo wenyewe hawaziimbi bila sababu, na mama anaweza kumtazama kijana na simu yake ya kurekodia akamwambia hapana. Wanafunzi wengine hurudi wakiwa wamevunjika moyo na kuuacha ukurasa huo wazi. Wasiuache. Akikubali kutajwa, mwanafunzi na aandike jina lake, kijiji chake, tarehe, wimbo aliouombwa, na kwamba alikataa, pamoja na sababu aliyoitoa.